Joto la Mayai

Jumanne, 8 Julai
Nimefagia. Nimebadilisha maji ya Subira. Kuku niliyemwekea kamkataa tena, mwezi wa tatu huu. Nimemgusa, wa baridi kama sakafu. Ni hivi vigae vya chumba kipya, na ukuta tunaochangia na stoo ya samaki wa barafu. Kariakoo nzima inatoka jasho, chatu wangu anaganda. Nani atanielewa? Miaka kumi na tisa nimecheza ngoma naye mabegani. Kikundi kimevunjika, ngoma zimeuzwa, nimebaki naye. Akifa sijui mimi nitakuwa nani.

Jumatano, 9 Julai
Nimelala mchana. Nimeota niko Mnazi Mmoja, uwanja mtupu, hakuna mpiga ngoma, ila miguu inajua. Subira shingoni, ana joto kama mtoto aliyetoka usingizini. Nimeamka shingo tupu. Nimelia kidogo. Basi.

Alhamisi, 10 Julai
Nimeenda kwa Mangi, yule Mchaga mwenye duka la vifaa vya kuku mtaa wa nyuma. Anauza taa nyekundu za vifaranga, na kidude kinachozima taa chenyewe joto likitosha. Kaniuliza, "Mama, unatotolesha mayai mangapi?" Ningesema nyoka, mtaa mzima ungejua kabla sijafika nyumbani, na mchawi ningekuwa mimi. Nimesema thelathini. Kafurahi kweli. Kidude kanitegeshea mwenyewe pale kaunta, maana maandishi yote Kichina. "Wakitoka nibakishie watano. Mke wangu anapenda wenye madoadoa." Nimeahidi. Mdomo huu!

Ijumaa, 11 Julai
Taa imewaka. Kabati la Subira zamani lilikuwa la chipsi, vioo pande zote, kwa hiyo chumba kizima kimekuwa chekundu. Nimeshusha pazia, nimekaa kwenye mkeka. Subira kajikunjua taratibu, kichwa kwanza, halafu mwili wote. Kelele za sokoni zinasikika kwa mbali kama za jana. Nimesinzia palepale. Nina furaha.

Jumapili, 13 Julai
Furaha ya kijinga. Nimemkuta Subira kajitumbukiza kwenye beseni la maji, mdomo wazi. Kidude kinasoma thelathini na saba na nusu. Joto la mayai! Nilisema mayai, Mangi kategesha ya mayai. Nimechomoa waya. Nimebonyeza kila kitufe, wapi. Duka limefungwa, Mangi yuko kanisani. Taa ikiwaka anaungua, ikizimwa anaganda. Najichukia.

Alipopoa, ukuta ukaanza tena kumvuta joto. Nimemvaa shingoni apate langu. Mzito, mlegevu. Tumezunguka chumba mpaka jua limeshuka. Sijui miguu ilianza saa ngapi. Ilikuwa inacheza, polepole, bila ngoma.

Jumatatu, 14 Julai
Nimemwambia Mangi ukweli mbele ya wateja wawili. Mmoja katoka bila kuaga. Mangi kauliza, "Kwa hiyo vifaranga wangu?"

"Hakuna, Mangi. Nisamehe."

Kidude nilishakifunga kabatini kwa waya, hakitoki, ikabidi aje. Kuingia, hataki. Kasimama kizingitini, jicho kwa Subira, jasho linamtiririka, ananielekeza kitufe kimoja kimoja. Thelathini na mbili. Taa nimeihamishia upande mmoja, apate na pa kupoa. Kabla ya kuondoka kauliza chatu anaitwa nani. Nimemwambia.

Alhamisi, 17 Julai
Subira kaanza kutembea kabatini. Kuku sijamwekea. Naogopa akikataa tena.

Jumamosi, 19 Julai
Asubuhi nimekuta tenga mlangoni. Ndani kuku mmoja, mwenye madoadoa. Kipande cha boksi kimeandikwa kwa kalamu nene: "Wa Subira. Vifaranga nimesamehe."

Saa tano kamla. Amejiviringisha chini ya taa, tumbo limetuna. Pazia nimeshusha. Nimeweka kiganja juu ya kioo, upande wake. Kina joto.