Upara kwa Skrini

Alhamisi usiku, nyumbani, mtaa wa Lindi

Bado nacheka peke yangu, na jirani ameshagonga ukuta wa mabati ninyamaze.

Kumbe skana yangu haina makosa! Wiki nzima nimeitukana bure.

Leo mteja wetu Mama Akoth alileta pale ofisini, tawi la Kawangware, picha ya binti yake na mchumba, iwekwe kwa kadi za harusi. Kamati ya harusi inakutana kesho, na kadi zinachapishwa ofisi yetu kuu ya tauni, kule katikati ya jiji. Nikaingia kwa kompyuta ya tauni kupitia laini ya simu, nikaweka picha kwa skana iliyo mezani pangu, nikabonyeza.

Picha ikashuka polepole kwa skrini. Kwanza upara. Halafu miwani. Halafu tai ya bosi wetu!

"Huyo ni nani?" Mama Akoth akaruka. "Mkwe wangu ana nywele!"

Nikakata laini, nikampigia mwenzangu Wekesa wa ofisi ya tauni. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ukiwa ndani ya kompyuta ya huku, unawasha skana ya huku. Bosi amesahau picha yake ya paspoti kwa kioo. Anza na skana yako kabla hujaingia, halafu unitumie."

Nikafanya hivyo, picha ikafika. Maharusi wazima, na nywele zao zote. Nimeshukuru Mungu, maana bosi alisema hii mitambo ikishindwa mwezi huu anafunga tawi, na mimi nirudi kuuza omena, dagaa wa sokoni.

Mama Akoth alishatoka, akarudi mlangoni. "Na yule wa upara, ana bibi? Dada yangu bado anatafuta mume."

Kesho bosi anakuja kukagua. Sasa nitamwangalia na uso gani?