Kitanda cha Koridoni

Jumatano, 4 Juni
Baba amehamia kwetu leo. Mama ana wiki tatu tu kaburini, na nyumba waliyokuwa wamepanga imeshapata watu wengine. Chumba chetu ni kimoja: kitanda, meza, jiko nyuma ya pazia. Ukipika, mashuka yananuka vitunguu. Ukinuna, huna pa kwenda kununia — labda hiyo ndiyo faida yake. Nimemtandikia Baba godoro sakafuni, mlangoni. Mahali pengine hakuna. Amesema panatosha kabisa, tena atakuwa anatusikia tukipumua.

Alhamisi, 5 Juni
Jambo ambalo sikulipigia hesabu: mlango unafungukia ndani. Mume wangu ni mlinzi, anarudi alfajiri, na godoro limeziba mlango. Amegonga, Baba akainuka mbio, akakunja godoro, akasimama kando ameshika mto kama mgeni aliyekosea nyumba. Wakaombana radhi, mtu na mkwewe, kila mmoja akimpisha mwenzake mahali pasipo na pa kupisha. Nilijifanya nimelala.

Jumamosi, 7 Juni
Sasa Baba anaamka mapema mno, ili mlango uwe wazi. Magoti yamemvimba — saruji tupu ile. Anatoka, anashinda kwenye benchi la kinyozi mpaka nirudi kutoka kazini kwangu kwa dobi. Kinyozi ameniambia mzee wangu ni mcheshi sana. Mcheshi! Humu ndani hasemi kitu. Sahani yake anaiosha kabla sijanyanyuka.

Chumba chetu unakifagia mara moja umemaliza. Nilikuwa nikiwaringia hilo wenzangu wa kupiga pasi. Leo nimefagia, nimemaliza, nikakosa cha kufanya, nikalia.

Jumatatu, 9 Juni
Afadhali leo. Kitanda cha Baba na Mama kipo, kimehifadhiwa kwa jirani yao wa zamani. Mume wangu alikwenda na kamba akakipima, akarudi akapima chumba. Meza ikitoka, kitaenea, tena kitabaki kiganja kimoja. Baba amecheka, mara ya kwanza tangu msiba. Anasema rafiki yake ndiye aliyewaundia walipooana. Hakina hata msumari, ni gundi na vigingi vya mbao, kitatuzika sote.

Jumatano, 11 Juni
Mume wangu alipima kila kitu isipokuwa mlango. Mtu mzima na kamba yake! Korido ni nyembamba, kitanda hakikati kona. Wabebaji wamekipindua, wamekisimamisha, wamekilaza ubavu, wamechoka, wameondoka. Kukifungua haiwezekani, gundi imeshakuwa mbao. Kimebaki koridoni, majirani wanapita kiubavubavu. Nimemsema mume wangu kwa kunong'ona, maana humu hata ugomvi ni wa chini chini. Baba alikuwa pale pale miguuni petu, anajifanya anatafuta kiatu.

Ijumaa, 13 Juni
Mama mwenye nyumba amekuja. Kwa upole kabisa: anatuonea huruma, lakini mtu akizidiwa huko ndani atapitishwa wapi? Mwisho Jumapili. Seremala naye amekiangalia. Kikatwe upana, kibaki cha mtu mmoja. Hapo kikisimamishwa kitapita. Ama hivyo, ama kuni.

Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia Baba. Kumbe amesikia yote. Akasema basi, yeye na kitanda chake warudi walikotoka. Wapi, Baba? Kuna watu kule. Roho inaniuma. Mimi namtaka hapa, na hapa hapamtoshi.

Jumapili, 15 Juni
Baba amebadili mawazo. Ameamka, amevaa shati lake zuri, akasema kikatwe, anabaki. Nilifurahi, kisha nikaona haya kufurahi. Mume wangu amemwomba msamaha kwa ile kamba. Baba akamwambia asijali, yeye alikuwa muashi maisha yake yote, na wako watu waliowahi kumkumbusha kuacha nafasi ya mlango. Tukacheka watatu. Fundi akaja na msumeno, akapiga mstari wa chaki katikati, akauliza, kwa mazoea tu, aondoe upande upi. Nikamwambia wowote, pande zote ni sawa.

Baba akasema, subirini kidogo.

Akavua viatu. Akapanda kitandani, pale pale koridoni, akalala ubavu upande wa ukutani, uso ameuelekeza kule kwenye nafasi tupu. Majirani wamesimama na ndoo zao, hakuna aliyepita. Kisha, bila kuinuka, akapapasa mbao alizolalia.

"Kata huku kwangu, fundi. Kule ni kwa mama yao. Mimi nitalala kule."

Nimekimbilia ndani, nimesingizia kutafuta kitambaa cha kufutia vumbi. Naandika nimeuegemea mlango. Fundi ananiita, anauliza kama aanze. Mume wangu anamnyamazisha. Fundi anauliza tena, taratibu zaidi: dada, nimwinue mzee, au utakuja mwenyewe? Baba bado amelala upande wake.