Salamu Zilizojaza Karatasi

Mjukuu wangu Zawadi,

Hapa Segera hatujambo, mahindi yanachanua, na asubuhi ukungu unalala shambani kama umesahau kuondoka. Unauliza kwa nini watu wanatuma salamu tupu kwenye namba ya simu mliyoitoa ninyi wa halmashauri ili waeleze shida zao.

Nikiwa msichana, mzee mmoja mfugaji, ambaye kisima chake kilikuwa kimekauka, aliniomba nimwandikie karatasi ya kutia kwenye sanduku la maoni la halmashauri, pale gulioni. Alitaja salamu mpaka karatasi ikajaa.

“Na kisima kilichokauka, mzee?” nikamuuliza.

“Wakiitikia, nitawaambia.”

Kila siku ya gulio alisimama mbele ya lile sanduku, ametulia, kama anayesikiliza mvua ya mbali.

Wamekusalimu, mjukuu wangu. Itikia kwanza.

Bibi yako