Mguu Ulioitwa Mwongo

Mgodini, Rodesia ya Kaskazini

Mke wangu Mama Rehema,

Amani ya Bwana ikukute hapo Msangano. Kifua cha mama yangu kimepoa? Na ulezi, mmekwisha kuupura? Mwandiko umepinda, usishtuke. Natumia mkono wa kushoto, sababu utaiona.

Tangu mwamba uanguke karibu nami huku chini, mguu wangu wa kulia umekufa. Haukuvunjika, wala jiwe halikuugusa. Hospitalini waliuchoma sindano, sikusikia kitu. Wakaufungia nyaya za umeme. Huo niliusikia, nikalia mbele za watu, lakini mguu haukuinuka.

Siku ya kutoa mavuno kanisani nilijikokota na fimbo. Nikapewa kikapu cha mahindi, wimbo ukaanza, mara najikuta nimefika mbele, fimbo nimeiacha kwenye benchi. Wenzangu wakasema nimepona. Nikashukuru kwa machozi. Wimbo ulipokwisha, mguu ukafa palepale.

Kumbe dresa, yule mfunga vidonda wa hospitali, alikuwepo kanisani. Jumatatu akanipokea mbele ya wodi nzima: "Karibu, mzee wa Jumapili. Leo kikapu umekiacha wapi?" Wakacheka.

Daktari akasema, "Huyu anajifanya. Mnyang'anyeni fimbo, aende mwenyewe mpaka dirishani."

Nikamwambia, "Bwana, nisikilize kidogo, hata mimi sielewi."

Hakuinua macho. Nilipiga hatua moja nikaanguka, mkono wa kulia ukavunjika. Huo waliufunga plasta siku ileile, tena kwa upole, maana mkono waliuamini.

Kilichoniuma kuliko umeme ni hiki, mke wangu: nilianza kujishuku. Nimetubu kwa Mungu huo uongo, kisha nikautafuta moyoni nisiuone.

Sasa wananirudisha, na karatasi niliyopewa inasema mimi ni mvivu. Watu wataisoma. Nataka wewe uniamini kwanza, wewe uliyeniona nikilima miaka yote hii.

Nisalimie mama, shemeji yangu seremala, na mchungaji aliyetufungisha ndoa. Rehema mwambie baba yake anakuja.

Lori litanishusha Tunduma Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu. Usije na machela, wala wanaume wa kunibeba. Njoo wewe. Simama mbele yangu, uanze ule wimbo wenu wa kupura ulezi, nami nitajaribu kukufuata. Nikianguka, ningoje niinuke, kisha uanze tena.

Ni mimi mumeo,
Baba Rehema