Bibi Amechoma Herufi Zako

Kwa Dada Mwaisha, Mtahiniwa Mtukufu,

Uji nimeufunika. Blauzi nimeipiga pasi. Doa la mkaa liko mgongoni, kwa hiyo usiwageuzie wasaili mgongo.

Sasa tanzia. Zile korosho tulizoziandika herufi kwa chaki na kuzipanga kwenye ungo kama vibonye vya mashine, ujizoeze kutoboa kadi za kompyuta kabla ya usaili wa leo, hazipo tena. Bibi alidhani ni za safari yangu, akazichoma alfajiri na kunifungia nirudi nazo shuleni. Nilipomwambia ile ilikuwa mashine, akasema, "Basi mjukuu wangu, itafune polepole."

Nimekuchorea herufi nyingine kwa mkaa nyuma ya sinia. Mtu asilioshe kabla hujafanya mazoezi.

~~Ukifeli mimi nitafurahi.~~ Nimefuta. Faulu, Dada. Najua wakikuchukua watakupeleka Dar es Salaam, na likizo ijayo nitaingia nyumba hii nisikukute. Ndiyo maana sikukuamsha tuagane.

Nimemwomba Bibi kitanda chako asimpe mtu. Mimi mwenyewe sitakilalia, isipokuwa usiku wa kwanza.

Mdogo wako mtiifu,
Fikirini