Kuhusu Sehemu ya Tatu Uliyoisifia

Mlabani,
Ifakara.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Dionisi,

Marahaba, ijapokuwa hukuniamkia. Natumaini wewe, mkeo Elineema na mtoto hamjambo huko Uholanzi, na baridi imewapungukia. Sisi tunaendelea. Mama miguu inamsumbua, ila anakula vizuri, na kila asubuhi anafagia uwanja hata ukimkataza. Masika haya mto Lumemo ulitapika maji mpaka barazani, lakini mpunga tumevuna na magunia yako ndani.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu ujumbe wangu wa simu huwa unaujibu kwa picha ya kidole gumba.

Mwanangu Omega aliikuta makala yako mtandaoni, ile unayoitathmini tamthilia ya chombo cha angani tuliyokuwa tukiitazama zamani. Alikimbia nayo jikoni: "Mama, Mjomba ameandika habari za kwetu!" Sehemu ya tatu umeipa alama tisa kwa kumi. Ili nisiseme nisichokijua, nilimwomba aitafute, tukaitazama yote, mimi na yeye.

Basi nami nikupe tathmini yangu, ingawa si msomi. Nusu ya kwanza inachosha. Wanaongea tu, na mlango wa chombo ukifungwa ukuta mzima unatikisika kama wa maboksi. Lile dude la mwezini linaonekana zipu mgongoni. Hayo nayasamehe, ndiyo kwanza walikuwa wanaanza, na tamthilia imeendelea miaka zaidi ya ishirini, watakuwa walijifunza. Yule fundi anayeuzuia mlango kwa mabega ili wenzake wapite, hapo nimelia kama nilivyolia nikiwa msichana. Lakini mwisho wake? Chombo kinaondoka, fundi anabaki kule, wenzake wanakaa mezani wanakula, na hakuna hata mmoja anayemtaja. Wewe umeandika kwamba huo ni ukomavu wa mtunzi. Mimi nimeona aibu. Ningeipa nne.

Ila tamthilia si ugomvi wangu. Ugomvi wangu ni pale ulipoanza kutueleza sisi. Umeandika kwamba tuliitazama katika kibanda cha nyasi, kijijini porini. Kwamba watu walitimua mbio wakidhani moto wa kwenye kioo ni wa kweli. Na kwamba wewe, mtoto pekee uliyejua Kiingereza, ndiye uliyewatafsiria ndugu zako.

Dionisi! Banda la mzee Fidelis lilikuwa la bati, hapa hapa Mlabani, na jenereta lake linanguruma nyuma. Aliyekimbia siku ile ni wewe, ukaja kujificha kwenye khanga yangu. Ulikuwa na miaka saba. Kiingereza chako chote kilikuwa "gudi moningi ticha".

Aliyetafsiri ni kaka yetu Stanislaus. Alisimama kando ya televisheni mkanda mzima, sauti ya nahodha akiifanya nzito, ya daktari akiibana puani, watu wanapiga makofi. Kiingereza kile alikipata seminari. Baba alipofariki akaacha masomo kidato cha tatu, akaenda Uchindile kufanya kibarua cha kupanda miti ili wewe usome. Hajawahi kukukumbusha, nami sikuwahi, mpaka leo.

Jumapili moja baada ya misa, Omega alimpa simu asome kabla sijamzuia. Mimi na Mama tulikuwa tunapepeta mchele. Alisoma mara mbili, akiyasogeza maandishi polepole kwa kidole, kisha akasema, "Huyu mdogo wetu ana kalamu." Halafu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe, akauliza, "Sasa mimi nilikuwa wapi siku hiyo?"

Mama akauweka ungo chini. "Ulikuwa umesimama, mwanangu. Ulisimama mpaka mguu ukafa ganzi, nikakukanda mimi."

Akacheka kidogo, akachukua baiskeli yake akaondoka.

Pengine hujui kwamba kila Jumamosi huwafundisha Kiingereza akina mama wanaouza chakula karibu na hospitali, ili waweze kuongea na wageni wanaokuja kufanya utafiti. Mwaka wa sita huu, bila malipo. Jumamosi iliyofuata hakwenda. Apolonia muuza samaki alikuja kumuulizia, nikamfuata chumbani. "Waambie wamtafute anayekijua," alinijibu, uso ameuelekeza ukutani.

Ndipo nilipokupigia. Ulisema, "Dada, huo ni uandishi tu, wasomaji wa huku wanapenda hivyo. Lakini nitarekebisha." Nilikushukuru, nikamwambia Stanislaus kwamba unarekebisha. Siku ile alinyoa ndevu.

Jumanne Omega akaifungua tena makala. Kweli umerekebisha. Sasa imeandikwa, "Jirani mmoja alitutafsiria."

Jirani, Dionisi! Mliyechangia naye mkeka. Aliyekubeba mgongoni kuvuka maji ili usikose shule. Omega aliinamisha kichwa kana kwamba ameandika yeye. Stanislaus alikuwa mlangoni, akanyoosha mkono apewe simu. Nilimpa, maana nimechoka kuficha. Alisoma, akairudisha, akaenda kufunga kuku. Jumamosi zimepita tatu sasa na akina mama hawana mwalimu.

Usinitumie viatu wala simu mpya. Usiniombe radhi mimi. Rudi kwenye makala hiyo uandike jina lake, na uandike kwamba ni kaka yako. Kisha umpigie, si mimi, yeye, na ukae kimya mpaka aongee.

Mama anakusalimu, anasema ukitaka kumpata piga asubuhi, jioni analala mapema. Omega anakusalimu, ingawa ilibidi nimwambie. Msalimie sana Elineema, na umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake asiyemjua. Stanislaus hajanituma salamu, nami sitamtungia.

Mungu akulinde huko ugenini, na aulainishe moyo wako.

Ni mimi dada yako, ambaye bado nakupenda,

Scolastica