Halwa ya Bakuli Moja

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Leo nimekoroga halwa mwenyewe. Muda wa saa mbili na nusu, mkono haujasita! Na nna miaka sabini na nane. Binti yangu Nasriya kasema, Baba tununue tu, soko la Mutrah hapa Maskati limejaa halwa. Nikamwambia hiyo wawauzie watalii wa meli. Hii anaondoka nayo Shurooq.

Shurooq mwanawe Nasriya, mjukuu wangu. Anasoma Japani, digrii ya pili, mambo ya kusafisha maji ya bahari yanyweke. Alikuja likizo, Ijumaa anarudi. Daftari hili kanipa yeye. Kanambia Babu, andika kila siku, hati itanyooka. Imenyooka. Jirani yangu Jaifar hata jina lake anaandika kwa tabu.

Jumanne, 23 Septemba

Kumbe Wajapani wana sheria yao. Mtu akitoka safari huwaletea wenzake wa maabara kitu kitamu. Vizuri, watu wa adabu. Lakini! Kila kipande na karatasi yake. Unamwekea kila mtu mezani kwake, unakwenda zako. Wao wanakula huku wanatazama kompyuta. Watu ishirini na wawili, vipande ishirini na viwili.

Nikamuuliza Shurooq, na kahawa anamimina nani? Kacheka. Babu, hamna kahawa.

Jioni yeye na mamake wameikata halwa yangu kwa mkasi. Mkasi! Nimetoka nje.

Alhamisi, 25 Septemba

Nilikuwa natawadha, wao wako jikoni. Shurooq anamwambia mamake: tangu mwezi wa nne anakula peke yake, kwenye ngazi. Wenzake si wabaya. Wanainamisha kichwa, wanamsalimu, basi. Kutwa nzima chumba kimoja na hamna anaemuuliza umeamkaje. Muhula huu ukiwa kama ule, anarudi Maskati, atamalizia hapa.

Na mimi msikiti mzima nshawaambia atarudi daktari wa maji!

Lakini si hilo. Ni hiyo ngazi. Mtoto wangu, ngazini.

Nimefikiri mpaka alasiri. Dawa nimeijua. Mimi mambo haya hayanichukui muda.

Ijumaa, 26 Septemba

Kaondoka. Sanduku nimelibeba mwenyewe mpaka garini. Kabla ya hapo nimelifungua. Vile vipande ishirini na viwili nimevitoa, viko chini ya kitanda changu. Mahala pake nimetia bakuli kubwa, halwa nzima iliyobaki, lozi juu. Na paketi ya kahawa. Hajui mtu.

Jumatatu, 29 Septemba

Kajua. Kampigia mamake, hakunipigia mimi. Nasriya kanijia na simu: Baba, umefanya nini? Nikasema nimepika halwa. Shurooq yuko simuni: Babu umenitia aibu, huku huwezi kuwawekea watu bakuli moja! Nikamwambia basi itupe.

Sikutaka kusema hivyo. Kakata simu.

Nimekula kipande kimoja cha chini ya kitanda. Nusu nimeirudisha.

Jumatano, 1 Oktoba

Hajapiga. Radhi siombi. Jaifar kauliza, Shurooq hajambo? Nikamwambia hajambo, profesa hafanyi kitu bila yeye.

Alhamisi, 2 Oktoba

Saa moja u nusu asubuhi, simu! Yeye. Kwao saa sita u nusu mchana. Babu, usiseme kitu, tazama tu. Nimeiegesha simu kwenye birika, naandika huku natazama.

Bakuli liko katikati ya meza ndefu. Hakulitupa! Wenzake wamelizunguka wamesimama, hamna anaegusa. Shurooq uso mwekundu. Profesa kaingia — kichwa cheupe kama changu, ila changu kina nywele zaidi. Kauliza kitu. Shurooq kanitafsiria: anauliza inaliwaje. Nikasema mwambie anawe mkono, akae. Babu, siwezi kumwamrisha profesa! Nikasema, mwambie kasema mzee.

Kamwambia.

Profesa kakunja shati mpaka kiwiko, kaenda bombani. Na wote nyuma yake! Mstari mpaka mlangoni, mikono ya mashati imekunjwa, utasema wanangoja sindano. Nasriya hapa analia na kucheka, anataka simu. Sitoi!

Wanavuta viti. Havitoshi, wanabanana. Msichana mmoja wa miwani kamsukuma Shurooq kwa bega — sogea nikae! — na Shurooq kasogea, kiti kimoja wawili.

Profesa kachota kwa vidole vitatu. Inavutika mpaka kidevuni. Katoa macho. Wote wanamtazama yeye. Shurooq kanigeukia mimi.

Kahawa, mtoto! Mmiminie kahawa —